Waithera na Mwanga Uliosogea Kando

Jecinta Waithera alikuwa na studio ya picha kule Makadara, chumba kimoja nyuma ya maduka yanayotazama barabara ya Jogoo. Ndani mlikuwa na pazia lililochorwa mlima wenye theluji, kiti cha mbao cha kukalia wateja, na kioo kirefu ukutani ambapo watu walitengeneza kola na kuchana nywele kabla ya kupigwa. Alikuja Nairobi akiwa mke mchanga kutoka Murang'a, akimfuata mumewe, Irungu, fundi seremala mwenye kibanda Gikomba. Irungu alisifika kwa meza za kujipodoa, zile zenye vioo vitatu, kikubwa katikati na viwili pembeni vinavyofunguka na kufungika kama madirisha. Maharusi wa mitaa ya Eastlands walizipenda, na nyumbani kwake hakukosekana moja iliyokuwa ikisubiri vanishi.

Kazi ya picha Waithera hakuisomea darasani. Kwanza aliajiriwa kufagia studio ya mjane mmoja wa River Road aliyeitwa Mama Qamar. Mama huyo alikuwa mkali wa maneno lakini si mchoyo wa ujuzi. Alipoona yule mfagiaji anasimama kila mara na ufagio wake mlangoni mwa chumba cha giza, akisikiliza maji yakichuruzika ndani, alimwita aingie. Chini ya taa nyekundu Waithera aliona karatasi nyeupe ikitumbukizwa kwenye beseni la dawa, na uso wa mtu ukajitokeza polepole, nywele kwanza, kisha macho, kisha vifungo vya shati. Akauliza uso ule ulikuwa umejificha wapi kabla haujaonekana. Mama Qamar akamwambia asogeze beseni, maswali yatasubiri. Lakini tangu siku ile alianza kumfundisha.

Ndivyo alivyokuwa Waithera. Kuona jambo hakukumtosha, sharti aligeuze upande wa pili. Mama mkwe wake aliita tabia hiyo ubishi. Irungu, ambaye alimpenda kwa sababu hiyo hiyo, hakuipa jina lolote.

Mama Qamar alipozeeka na kwenda kukaa na watoto wake ng'ambo, alimwachia Waithera kamera mbili, mashine ya kukuzia picha na sanduku la vikorokoro vya miaka mingi. Humo mlikuwa na lenzi zilizoota ukungu, mikanda ya kamera, na vile vioo vya duara vyenye pete ya chuma ambavyo mpiga picha huvifunga mbele ya lenzi apunguze mng'aro wa maji au wa madirisha. Waithera alifungua studio yake Makadara, na lile sanduku likakaa chini ya meza hadi mwaka wa 1981, alipopata wasaa wa kulisafisha.

Asubuhi hiyo alikuwa akifuta kioo kimoja cha duara, cheusicheusi kidogo, ambacho Mama Qamar alisema kilisahauliwa na mpiga picha mgeni. Alikipuliza, akakifuta kwa kitambaa, akakiweka mbele ya jicho aone kama bado kuna vumbi. Alikuwa amesimama mbele ya kile kioo kirefu cha wateja. Akajiona vizuri, shingo, mkono, leso kichwani, lakini pale penye jicho palikuwa na duara jeusi tititi, kama kifuniko cha kopo la kiwi ya viatu.

Alikishusha, akakitazama. Kilikuwa kinaonyesha. Alikielekeza dirishani akaona mtaa wote, na kuku wa jirani akipita. Akakigeuza, upande uliokuwa nyuma ukawa mbele, akakirudisha jichoni na kutazama tena kwenye kioo cha ukutani. Safari hii jicho lake lilikuwapo, likimkodolea. Akageuza tena, jicho likapotea.

Wateja wawili walikuja na kungoja, na mmoja akaondoka. Waithera hakuwa na habari. Alikwishatoka na kile kioo cha duara uani. Alijaribu kwenye kifuniko cha sufuria kilichosuguliwa kikang'aa, na kwenye kifuniko nako duara lilikuwa jeusi. Alijaribu kwenye ukuta uliopakwa chokaa, hakukuwa na kitu. Ilihitaji kitu kinachomrudishia mtu sura yake. Alichokijua ni hicho tu, na hakikumtosha hata kidogo.

Jioni alimwonyesha Irungu. Irungu alikigeuza mara kadhaa, akatazama pete ya chuma kama anayetafuta swichi, kisha akasema huenda ni kioo cha ukutani chenye kasoro. Wakaenda mbele ya ile meza ya kujipodoa iliyokuwa ikingoja vanishi sebuleni. Kwenye kioo cha katikati duara lilikuwa jeusi, na kwenye kile cha pembeni pia. Lakini Irungu alipokuwa akivivuta vioo viwili vikutane kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa nusu, Waithera alitazama kwenye ile pembe, pale vioo vinapoungana, akamshika mkono mumewe asivisogeze tena.

"Nimejiona," alisema. "Hapa kwenye kona jicho lipo."

Ilikuwa kweli. Kwenye kioo kimoja giza, kwenye kona ya vioo viwili mwanga. Irungu alileta kipimo chake cha mraba akahakikisha kona ile imesimama sawasawa, kana kwamba ndiyo ingeeleza. Haikueleza. Kwa majuma mengi Waithera alimwonyesha kila aliyekaa kwenye kiti chake. Wapo walioshangaa, wapo walioguna, na vijana wa mtaa walisema mathe ana kioo cha majini, wakaja kwa makundi kukitazama, wakaishia kupigwa picha. Hakuna aliyemweleza.

Ndipo akaja Obura. Huyu alikuwa mtu wa mtaa wa Jericho, mwana wa mfanyakazi wa reli, mpole, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa waya mguu mmoja. Alikuja kuchukua picha za kipaimara za binti yake, Adoyo. Waithera alimpa bahasha, kisha akampa na kile kioo, akamwambia asimame pale na atazame. Obura alitazama. Akakigeuza, akatazama tena, na hakushangaa kama wengine. Alitabasamu kama mtu aliyekutana na mtu wa kwao ugenini.

Alieleza kwamba alikuwa fundi wa maabara ya fizikia pale chuo kikuu, na vioo kama hivi anavishika kila siku. Waithera akafunga mlango wa studio. Akatuma Irungu aitwe, na Irungu alipofika, na aproni yake bado ina vumbi la mbao, Obura akaanza upya.

"Mwanga ukitoka kwenye kioo hiki hauendi kama mshale, Mama Chege," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. "Unakwenda ukijizungusha, kama keekee inavyoingia kwenye ubao. Na kioo hiki hutoa mzunguko wa mkono mmoja tu, tuseme wa kulia. Ukigonga kioo cha ukutani unarudi, lakini unarudi ukiwa wa kushoto. Kioo hiki hakiujui wa kushoto. Kinaufungia mlango."

Irungu alitia mkono mfukoni mwa aproni, akatoa skrubu ndefu, akaisimamisha mbele ya kioo kirefu. Wote watatu waliitazama. Nyuzi za skrubu iliyo mkononi zilipanda kuelekea kulia. Za ile iliyo ndani ya kioo zilipanda kuelekea kushoto.

"Nimezifunga hizi miaka yote," Irungu alisema, "na sijawahi kuiangalia kwenye kioo."

Waithera alikuwa amekwisha kulipita jambo hilo. Kwenye kona ya vioo viwili, aliuliza, mwanga unageuzwa mara mbili, si ndiyo? Wa kulia unakuwa wa kushoto, kisha wa kulia tena, ndiyo maana mlango unafunguliwa. Obura aliitikia kwa kichwa. Waithera alisema baadaye kwamba ile ilikuwa mojawapo ya siku tamu za maisha yake, na hapakuwa na chakula wala ngoma.

Chai ililetwa. Obura alipokuwa akinywa, akasema lipo jambo lingine dogo kuliko hilo, na hilo lilikuwa limewasumbua wao wenyewe kule maabara. Mwanga unaojizungusha ukipita ndani ya kioo kinene na kugonga ukuta wake kwa ndani, kwa mshazari, hurudi wote ndani ya kioo. Kila mtu angetarajia urudi kutoka palepale ulipogonga. Wapo waliosema kwamba haurudi palepale, unasogea kando kidogo mno, wa mkono wa kulia upande huu na wa mkono wa kushoto upande ule. Huko Ulaya walikwisha kulipima. Mwalimu wake Obura, Daktari Mativo, alitaka kulionyesha hapa Nairobi kwa vifaa vilivyopo, ili wanafunzi wake waone kwa macho badala ya kuamini.

Irungu alikumbuka mpira. Mtoto akiupiga ukiwa unazunguka, alisema, ukigonga ukuta haurudi unakoudhania. Obura akasema Daktari hapendi mfano huo, lakini yeye mwenyewe anaupenda.

Waithera hakuuliza kama inawezekana aende kuona. Aliuliza ni lini.

Daktari Mativo alikuwa mtu wa Machakos, mfupi, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na mazoea ya kuuliza swali kisha kunyamaza kabisa hadi ajibiwe. Hakuona ajabu mwenye studio ya Makadara kuja maabara. Kamera ya idara ilikuwa imeharibika, na hapa palikuwa na mtu mwenye kamera na shauku, akasema ni heri. Alimwonyesha mashine ya leza, bomba refu lililotoa mwanga mwekundu mwembamba kuliko wowote aliouona Waithera maishani. Mbele yake kilikaa kipande kirefu cha kioo kizito kilichosuguliwa pande zote. Mwanga ulipita kwenye ufa mwembamba uliousimamisha kama mstari, ukaingia kwenye ncha moja na kudunda ndani, juu na chini, juu na chini, hadi ukatokea ncha ya pili.

"Kila unapodunda unasogea kidogo," Mativo alisema. "Mara moja hutaona kitu. Ndiyo maana tunaudundisha mara nyingi, ule udogo ujikusanye."

Kabla ya kioo Obura aliweka kipande chembamba cha ulanga, yale madini yanayobanduka karatasi karatasi, ambacho kiliupa mwanga mzunguko wake. Akikigeuza, mkono unabadilika. Waithera alikodolea macho ule mstari mwekundu uliotua kwenye karatasi upande wa pili. Obura akageuza ulanga. Mstari haukutikisika. Akageuza tena. Hakuna.

Waithera aliinamisha kichwa. Alikuwa ametoka nyumbani akidhani ataona mwanga ukiruka kama panzi. Mativo akamwambia kwamba hata baada ya kudunda kote huko, kusogea kwenyewe ni sehemu ndogo ya unene wa unywele. Lazima lenzi ya darubini iukuze kwenye filamu, kisha mashine yake yeye Waithera iukuze tena.

Alipiga picha mbili, moja ya mkono wa kulia na moja ya mkono wa kushoto, akaenda nazo Makadara. Alizisafisha siku hiyo hiyo, akaziweka kwenye mashine ya kukuzia, akazitazama moja baada ya nyingine. Mstari wa pili ulikuwa umehama, waziwazi. Asubuhi alikuwa mlangoni pa maabara kabla Obura hajafungua.

Mativo alizitazama picha hizo kwa muda mrefu. Kisha akamwomba apige nyingine mbili, lakini safari hii ulanga usiguswe. Waithera alipiga, na picha zilipotoka, mstari ulikuwa umehama vilevile, hata zaidi. Basi haukuwa mwanga. Ilikuwa ni kamera yenyewe, au sakafu, au lori lililopita nje. Alikuwa amepiga picha ya mtikisiko.

Alingoja ahisi aibu, na aibu haikuja. Kilichomjia ni kwamba angeweza kulala na uongo ule na kuuita kweli, na swali moja tu ndilo lililomwokoa. Alimwambia Irungu hivyo usiku wakila. Tangu siku hiyo, hata kazi ya kawaida ya studio, akiona doa kwenye picha, hakulaumu filamu kabla hajapiga mara ya pili.

Walilifikiria tatizo hilo kila mmoja kwa njia yake. Waithera aliuliza kwa nini mikono yote miwili isipigwe kwenye picha moja, ili kamera ikitikisika iitikise yote pamoja. Mativo alisema mianga hiyo ikipita njia moja itachanganyika, haitajulikana ipi ni ipi. Lakini baada ya siku chache yeye mwenyewe alirudi na jibu. Wangekata ulanga vipande viwili na kuvipanga kimoja juu ya kingine, ili nusu ya juu ya mstari iwe ya mkono wa kulia na nusu ya chini ya mkono wa kushoto. Kama mwanga kweli unasogea kando, mstari ungetoka umekatika katikati.

Obura alichukua muda mrefu kuukata ulanga huo. Ilikuwa Julai ya 1982 walipopiga. Waithera aliizamisha karatasi kwenye dawa akiwa peke yake studio, mchana, mlango umefungwa. Mstari mweupe ulijitokeza juu ya weusi, kwanza kama moshi, kisha ukakaza. Katikati yake palikuwa na mkato. Nusu ya juu ilikaa kulia kidogo ya nusu ya chini, kiasi cha unene wa uzi.

Irungu aliporudi, alimpa picha bila maelezo na kumwuliza anaona nini. Irungu aliisogeza mbali na macho, kama anavyofanya na mbao.

"Kiungo hakijakaa," alisema. "Aliyeunga hapa alikosea."

Waithera alicheka hadi akakaa chini.

Mativo naye alifurahi. Kisha akauliza lile swali ambalo Waithera alikuwa ameanza kulitegemea kwake. Tutajuaje, alisema, kama ni mkono wa mwanga uliousogeza, au ni vipande vyetu viwili vya ulanga ambavyo havikulingana unene? Dawa ni moja. Kila kipande kigeuzwe palepale kilipo, mkono wa juu uwe wa kushoto na wa chini uwe wa kulia. Kama ni mkono, kukatika nako kutageuka upande. Kama ni kasoro nyingine kwenye vifaa, mambo yatabaki yalivyo. Wakapanga kukutana juma la kwanza la Agosti.

Jumapili ya kwanza ya Agosti ndiyo siku ya lile jaribio la mapinduzi. Watu wa Makadara walijifungia ndani wakisikiliza redio na milio ya bunduki kutoka mjini. Studio ilivunjwa dirisha, na mtu akaondoka na kile kiti cha wateja na lile pazia la mlima, ingawa kamera, zilizokuwa nyumbani chini ya kitanda, zilisalimika. Chuo kikuu kilifungwa. Wanafunzi walirudishwa kwao, na siku zikawa miezi, na mlango wa maabara ukabaki na kufuli.

Irungu alitengeneza kiti kingine. Pazia Waithera alilichora mwenyewe, na safari hii hakuchora mlima, alipaka rangi ya kijivu tu, akasema nyuso zinatosha. Kazi ilirudi. Lakini picha ya mstari uliokatika ilikaa ukutani juu ya beseni, na kila alipoinua macho iliuliza swali lilelile. Alikuwa na nusu ya ushahidi. Alijua kwamba pengine ni jambo la kweli, na pengine ni ulanga mbovu, na hakuna mtu Nairobi nzima aliyeweza kumwambia ni lipi.

Mativo alipata nafasi ya kufundisha Lusaka, akaaga, akaondoka. Obura alibaki, na mara kwa mara alipita studio. Hawakuwa na jipya la kusema, lakini walikaa. Mkewe Obura, Anyango, alimtania Waithera kwamba wanangoja mwanga kama watu wengine wanavyongoja mvua.

Katika mwaka huo wa kungoja Waithera alikwenda Murang'a kumsaidia mama yake kuvuna mahindi. Kwenye mbelewele aliona mbawakawa wa kijani anayeng'aa kama shaba iliyosuguliwa. Alikuwa amebeba kile kioo cha duara, maana siku hizo hakuenda popote bila hicho. Alimtazama mdudu kwa upande mmoja wa kioo, akawa kijani. Akakigeuza. Mbawakawa akazimika, akawa kama kipande cha mkaa chenye miguu. Waithera alikaa chini katikati ya mahindi. Mdudu yule hakuwa amevaa kioo chochote. Gamba lake lenyewe lilikuwa likiurudisha mwanga ukiwa wa mkono mmoja, na lilikuwa likifanya hivyo shambani tangu zamani, bila maabara. Mama yake alimwita mara kadhaa kabla hajaitika.

Mwishoni mwa mwaka wa 1983 chuo kilifunguliwa. Obura alikuja studio akiwa amekunja mikono ya shati kama mtu anayekwenda kazini, na alikuwa akienda kazini kweli. Mkuu wa idara alikuwa amewapa alasiri moja. Waliikuta maabara na vumbi la kushika kwa kidole. Leza iliwaka, hafifu kuliko zamani, lakini iliwaka. Kile kioo kirefu kilikuwa salama. Kilichoharibika ni ulanga, kipande kimoja kilikuwa kimepasuka.

Obura alikaa kitako na kuanza kubandua kingine kwa wembe, ndani ya bakuli la maji, karatasi moja baada ya nyingine. Waithera alimshikia taa. Vipande vya kwanza vilikuwa vinene, vilivyofuata vikapasuka. Jua lilikuwa limeanza kushuka dirishani alipopata kimoja kilichomridhisha, na hata hapo alikipima tena. Walipiga picha kwa mpangilio wa kwanza. Kisha, pasipo kugusa kitu kingine, Obura aligeuza kila kipande palepale kilipo, mkono wa juu ukawa wa kushoto na wa chini wa kulia, na wakapiga tena.

Waliziosha Makadara, Irungu akiwa amesimama nyuma yao kwenye chumba cha giza ambacho hakikujengwa kwa watu watatu. Picha ya kwanza ilijitokeza kama ile ya mwaka uliopita, nusu ya juu kulia. Waithera aliibana na kuitundika. Akatumbukiza karatasi ya pili. Alilitikisa beseni polepole, dawa ikienda na kurudi. Mstari ulianza chini, ukapanda, ukafika katikati, na pale ukaruka.

Uliruka kushoto.

Obura alivua miwani yake yenye waya, akaifuta, akaivaa, akainama tena juu ya beseni. Irungu alimwekea mkewe mkono begani. Waithera aliisukuma karatasi kwenye dawa ya pili kwa ncha ya kidole, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Ule mwanga ulikuwa umesogea kweli. Ulisogea huku kwa sababu ya mkono wake, na kule kwa mkono mwingine, na yeye alikuwa ameuona ukifanya hivyo ndani ya chumba alichokodi mwenyewe.

Mativo alirudi likizoni wakati wa Krismasi, akapita studio kabla hata ya kwenda kwao. Aliziweka picha mbili bega kwa bega. Alisema ukweli wote, kwamba wenzao wa Ulaya walikwisha kulipima jambo hili miaka kumi iliyopita, na kwa usahihi zaidi, kwa hiyo hakuna gazeti la wanasayansi litakalowashangilia. Lakini aliomba nakala za kuonyesha darasani, na Waithera akamwambia alikwisha kuziandaa. Kisha akamwuliza swali lililomkaa tangu siku walipoziosha picha hizo. Huu mwanga wa kawaida, wa dirishani, ambao hakuna aliyeupa mkono, wenyewe huenda upande gani?

"Una mikono yote miwili," Mativo alisema. "Nadhani kila unapogonga kioo au maji kwa mshazari, wa kulia huachana kidogo na wa kushoto. Lakini hilo sijalipima, na simjui aliyelipima."

"Basi bado," Waithera alisema.

"Bado," Mativo alikubali.

Nje mvua ndogo ilikuwa imekatika, na maji yalisimama kwenye mashimo ya njia, kila shimo na kipande chake cha mbingu. Mteja mmoja, karani kijana aliyehitaji picha ya kitambulisho cha kazi, aliingia akipangusa viatu, akakaa kwenye kiti. Alikuwa na haraka. Macho yake yalipotua kwenye zile picha mbili mezani, akauliza ni barabara gani hiyo nyeupe iliyokatika. Waithera alimwambia ainue kidevu kidogo, ageuze bega, asipepese. Akabonyeza. Kisha akavuta kigoda, akaketi mbele yake, na kumwuliza kama ana dakika chache.

Karani alitazama saa yake, akasema anazo.